Elimu ya mpiga kura, daftari limeshafungwa!

Hivi kwa nini elimu ya mpiga kura hutufikia daftari likiwa limeshafungwa? Gari la matangazo linapita mbio, spika zinanguruma: "Jitokezeni kupiga kura!" Tujitokeze vipi na hatujaandikishwa? Aliyehama anahamisha vipi taarifa zake? Kadi ikipotea je? Kimya. Tunaachiwa vipeperushi vya lugha ya mawakili, herufi ndogo kama chawa. Asiyeona atasoma nini? Na wa kiti cha magurudumu, kituo kikiwa juu ya ngazi? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu watu wenye ulemavu, ibara ya 29, unataka vituo vifikike. Halafu kura zikiharibika, tunalaumiwa sisi! Mtu hajaonyeshwa hata karatasi ya mfano, atajuaje alama inawekwa wapi? Njooni mapema jamani, mkae, tuwaulize maswali!