Siyo gesi peke yake
Kuna mwandishi mmoja anasema anayesoma uhandisi kemikali ajiandae kusubiri ajira za gesi ya Mtwara. Hapana, ndugu yangu. Mimi nimeisoma pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka 4, na katika wenzangu ninaowasiliana nao aliyefika mitambo ya kusafisha gesi ya Madimba, Mtwara, ni mmoja tu. Wengine wako kwenye sukari, bia, saruji na kusafisha maji ya bomba. Chukua sukari: miwa ikishakamuliwa, juisi husafishwa kwa chokaa, huchemshwa mpaka iwe nzito, ndipo sukari inajitenga chembechembe. Hesabu za mvuke na joto hapo ni zile zile zilizotutoa jasho darasani (thamodainamiki, msiniulize nilipata ngapi). Na wadogo zangu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), msidhani ni kushinda maabara. Kazi yetu ni matangi, pampu na mabomba.