Batani ipi ndiyo yenyewe?

Jamani, sisi tuliozoea kurudisha kanda kwa kalamu, nani alitutuma huku kwenye kupakua nyimbo mtandaoni? Nataka taarabu ya kundi la Black Star, lile la Tanga yetu, basi. Ukurasa una mabatani ya PAKUA kila kona, ya kijani, yanawakawaka. Ukibonyeza hili, umeshinda simu. Lile, simu yako ina virusi. Tangu lini? Kumbe la kweli ni lile dogo la kijivu, limejificha chini kabisa kama mwenye deni mwisho wa mwezi.

Na bando je? Wimbo wa dakika nne ni MB 4 hivi, lakini matangazo yameshakomba bando la wiki nzima! Haya, wimbo umeshuka. Umeshukia wapi sasa? Unapekua mafaili mpaka macho yanauma, unamwita kijana wa jirani, anagusa mara mbili bila hata kutazama: "Si huu hapa, babu?"

Babu! Hata mvi sijaota vizuri!

Unaunganisha spika, gitaa linaanza kulia, baraza zima hapa Ngamiani kimya. Mara jitu linanguruma juu ya wimbo, linatangaza tovuti yake. Katikati ya ubeti! Kaalikwa na nani?