Chini ya barafu: ufungwe kamba au uende huru?

Wanaopiga mbizi chini ya barafu wana ubishi wa siku nyingi, mzamiaji afungwe kamba au aachwe huru, na naona wengi wanabishana bila kuuliza kwanza maji yenyewe yakoje.

Chukua McMurdo, kituo cha utafiti cha Marekani kule Antaktika. Wanasayansi wa pale mara nyingi wanazama bila kamba mwilini, barafu juu yao ni mita mbili hivi, maji nyuzi -1.8, ukisikia tu moyo unashtuka. Ila mwezi wa kumi maji ya pale yanang'aa hatari, unaona hata mita 200, na kwenye tundu walilotoboa kwenye barafu ili kuingia na kutoka wanashusha kamba moja wima yenye bendera na taa inayomweka, yaani ukigeuza shingo tu unaona pa kutokea. Na hoja yao ina uzito jamani, kamba ya mwilini inakuvuta wakati unakusanya sampuli, inanasa, mkiwa wawili zinasokotana. Lakini watu haohao, vijimea vya baharini vikishazaana kwenye mwezi wa 12 maji yakachafuka, au mkondo ukiwa mkali, wanafunga kamba. Hapo ndo wengi hawapataji!

Sasa ziwani, Finland au Kanada, ukipiga pezi (kile kiatu kipana cha kuogelea) mara moja kwenye tope, maji yanachafuka na tundu limepotea. Kamba ndo njia yako ya kurudi. Aliye juu anaihisi mkononi, mnaongea kwa kuivuta kamba, na pembeni kuna mwenzake ameshavaa kila kitu, kamba yake ndefu kuliko yako, ukipotea unapanda unakaa wima chini ya barafu unasubiri, yeye anazunguka duara mpaka kamba yake ikuguse. Bila hiyo atakutafutia wapi?

Kamba haizuii kila kitu lakini. Regulata, kile kifaa cha mdomoni kinachokupa hewa ya mtungi, ikiganda inamwaga hewa yenyewe na mtungi unaisha ndani ya dakika chache, ndo maana wanabeba regulata mbili kila moja na vali yake na hawazipumulii juu kabla ya kuzama, maana unyevu wa pumzi unaganda humo ndani.

Kwa anayezama kwa starehe mimi sioni sababu hata moja ya kwenda bila kamba. Na aliyeishika juu asipewe kazi nyingine, hata ya kupiga picha, mpaka mwenzake atoe kichwa tunduni.