Uchafu kwenye grafini: mgeni wa kufukuzwa au wa kukaribishwa?

Fundi wa silikoni hamwogopi mgeni. Akitia atomu moja tu ya fosforasi kati ya milioni za silikoni, upitishaji wa umeme hupanda mara nyingi, na simu yako inaishi kwa ujanja huo. Lakini silikoni ina kina. Grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, haina chumba cha ndani: kila atomu iko barazani.

Wanaotaka usafi wana ushahidi. Andre Geim na Konstantin Novoselov walipoibandua kwa selotepu huko Manchester mwaka 2004, uwepesi wa elektroni zake, yaani jinsi zinavyokimbia zikisukumwa na umeme, ulikuwa kama 10,000, kwa kipimo cha sentimita za mraba kwa volti kwa sekunde. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliitundika hewani kama shuka kambani. Kutundika peke yake hakukusaidia sana. Walipopitisha mkondo mkali ukaunguza mabaki yaliyoganda juu yake, uwepesi ukapita 200,000.

Mwaka huohuo, huko Maryland, wengine wakafanya kinyume: waliinyunyizia potasiamu ndani ya ombwe. Hapa ndipo pana utamu. Kila atomu ya potasiamu huipa grafini elektroni, kisha yenyewe hubaki juu na chaji chanya, ikipotosha njia ya kila elektroni inayopita. Idadi inaongezeka, mwendo unaharibika. Na upitishaji ni zao la hivyo viwili, basi anayekupa nauli ndiye anayekuchimbia barabara.

Hata hivyo, siafiki kwamba uchafu wote ufagiliwe. Iweke grafini kwenye baridi kali na sumaku yenye nguvu: ukinzani wake wa pembeni, yaani volti inayojitokeza kando ya mkondo ikigawanywa kwa mkondo huo, hutulia kwenye omu 12,906 hivi, na haubanduki hapo hata ukiongeza elektroni kidogo. Maabara za vipimo huutumia kusahihisha omu. Kinachoushikilia ni uchafu, kwa kuwa ndio unaozinasa elektroni za ziada zisiingie njiani.

Kwangu swali ni mgeni akae wapi. Horst Störmer na Raymond Dingle walilijibu mwaka 1978 kwa galiamu aseniki, nusu-kipitishi kama silikoni: waliweka atomu za kutoa elektroni kwenye tabaka la jirani, mbali kidogo na njia. Kwa grafini, karatasi ya nitridi ya boroni, isiyopitisha umeme, inaweza kuwa ukuta kati ya mgeni na njia, ilmradi gundi isibaki katikati.