Siri ya Ukoka Wangu

Kabla ya mkasa huu nilikuwa na sifa moja ya uhakika mtaani kwetu: nyuma ya nyumba yangu palikuwa na kipande cha ukoka ambacho hakikujua kiangazi. Majani ya wenzangu yalipogeuka rangi ya gunia, ya kwangu yalibaki mabichi, manene na laini, kiasi kwamba mtu alitamani kuvua viatu. Sikuwa nikiyamwagilia maji wala kuyatia mbolea, jambo ambalo lingempa shaka mtu mwenye akili timamu. Mimi lilinipa kiburi. Jirani yangu, mzee mstaafu anayependa maua kuliko anavyopenda watu, alipokuja kuniuliza siri, nilimweleza kwa kirefu kuhusu subira, uteuzi wa mbegu na namna ya kukata majani bila kuyaumiza, mambo ambayo niliyabuni palepale tulipokuwa tumesimama. Nilichota udongo, nikamwekea kiganjani, nikamwambia anuse. Alinusa, akafumba macho, akasema kwamba udongo ule ulikuwa hai. Siku hiyo aliondoka na ndoo mbili.

Mkasa wenyewe ulianza kwa sauti. Kila tulipovuta maji chooni, bomba lilitoa mguno mrefu kama wa mtu anayesukutua huku ana neno la kusema, kisha maji yalishuka polepole, shingo upande. Mke wangu, ambaye hukisia mabaya mapema na mara nyingi hupatia, alisema tumwite mtu anayeijua kazi ya maji taka. Nilimjibu kwamba tangi la maji taka halipaswi kusumbuliwa. Nilikuwa nimesoma habari za Mfaransa Louis Mouras, aliyepewa hataza ya tangi lake mwaka 1881, ambaye inasimuliwa kwamba alipolifungua baada ya miaka mingi alikuta taka ngumu kidogo mno. Kutokana na habari hiyo nilijijengea imani kwamba vijidudu vya ndani ya tangi hula kila kitu na kulamba sahani. Sikuzingatia kwamba wasichoweza kukila hutuama chini kuwa tope, mafuta nayo huganda juu kama ukoko, na maji ya katikati peke yake ndiyo yanayopaswa kutoka kwenda kufyonzwa na ardhi. Tangi la familia kwa kawaida hunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5. La kwetu lilikuwa na miaka 11 bila kunyonywa, na hatukujua hata lilipo.

Kelele zilipozidi, nilipiga simu kwa mafundi wawili. Wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye sauti ya utulivu, ambaye alinihoji kama karani wa mahakama: nyumba inakaa watu wangapi, tangi lilinyonywa lini, kuna kisima karibu au hakuna, na mvua ikinyesha maji husimama upande gani. Alimaliza kwa kusema kwamba hawezi kutaja gharama kabla hajafika kuona. Nilimwona msumbufu. Wa pili hakuuliza chochote. Alisema, "Hiyo kazi ya asubuhi moja tu, bosi," nami nikampenda papo hapo.

Alifika na sururu, chepe na kijana mmoja wa kubeba lawama. Aliizunguka nyumba mara mbili, mikono mgongoni, akikanyaga ardhi kwa kisigino na kuinamisha sikio, mpaka aliposimama karibu na dirisha la jiko na kutangaza, "Lipo hapa." Walichimba. Pigo la tano la sururu lilitoboa bomba la maji safi, na maji yakaruka juu kupita dirisha, yakaingia ndani, yakamkuta mke wangu ameshika kikombe. Fundi, ambaye naye alikuwa amelowa hadi soksi, alinitazama bila kupepesa na kusema kwamba angalau sasa tumejua tangi halipo hapo. Nakiri kwamba wakati ule niliona ni hoja nzito.

Baada ya kuziba tundu hilo aliamua kufuata njia ya bomba la choo, na hapo, tuseme haki, aligundua jambo la kweli: mizizi ya mti ilikuwa imelipasua bomba kati ya chemba na tangi. Alikata kipande kibovu, akaweka bomba jipya la urefu wa mita 6, akaanza kufukia. Nilimuuliza kama hatumii pima maji, kwa sababu bomba la maji taka huhitaji mteremko. Aliweka chepe chini, akajifuta jasho, akanijibu kwa upole unaotumiwa kwa wagonjwa: "Bosi, jicho langu ndilo pima maji. Isitoshe, maji hayafundishwi njia." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyepata elimu, nikamlipa.

Kwa siku mbili choo kilinyamaza. Siku ya tatu alikuja baba mkwe.

Lazima nieleze kwamba baba mkwe ni mtu wa heshima kubwa na maneno machache, na kwamba mimi na yeye, kwa miaka yote hiyo, tumefaulu kuishi vizuri kwa kutozungumza lolote lililo chini ya kiwango cha hali ya hewa. Jioni hiyo alikwenda kuoga katika bafu la chini. Juu, watoto walioga, mke wangu alifua, na mimi, kwa bahati mbaya iliyopangwa kwa ustadi, nilivuta maji chooni. Maji hayo yote yalishuka kwa pamoja, yakafika kwenye bomba jipya, yakakuta kilima. Maji taka yaliyokosa pa kwenda hurudi na kutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote ndani ya nyumba, na katika nyumba yetu tundu hilo lipo katikati ya sakafu ya bafu la chini.

Nilisikia mlango ukigongwa kwa ndani. Nilipokaribia, sauti ya baba mkwe ilipita kwenye ufa, tulivu, yenye adabu ya kutisha: "Mwanangu, samahani kukusumbua. Bafu hili lina desturi ya kurudisha maji?"

"Hapana, baba."

Pakawa na kimya. Kisha akasema, "Basi leo limeanza. Na hayarudi peke yake."

Alitoka akiwa amejifunga taulo langu, povu la sabuni limemjaa kichwani na shingoni, akitembea kwa visigino. Hakuniangalia, nami sikumwangalia. Kila mmoja wetu alimtazama mke wangu, ambaye alikuwa ananitazama mimi.

Asubuhi yake nilimpigia yule mwanamke wa maswali. Hakunicheka, jambo ambalo liliniuma zaidi. Alifika, akasikiliza kisa chote pamoja na nadharia ya maji kutofundishwa njia, kisha akafukua bomba na kulilazia pima maji. Kwa sentimita 2 kwa kila mita, bomba la mita 6 lilipaswa kushuka sentimita 12. Letu lilikuwa limepanda sentimita 4. Alilitazama kitambo, akasema, "Kumbe yamefundishwa, kaka. Ila yamefundishwa kurudi."

Kisha alichukua nondo nyembamba na kuanza kuichoma ardhini taratibu, kila hatua moja, akielekea uani. Chini ya benchi langu nondo iligonga zege: tok. Ilikuwa benchi ileile ambayo juu yake nilisomea habari za Louis Mouras, nikitingisha mguu.

Mfuniko ulipofunguliwa niliinama kuchungulia, nikiwa nimeshika mshumaa niliouleta kwa moyo safi, kwa kuwa mle ndani palikuwa giza. Sijawahi kushikwa ukosi wa shati kwa nguvu namna ile. Aliuzima mshumaa kwanza, akanieleza baadaye: ndani ya tangi huzalishwa methani, ambayo hulipuka, pamoja na haidrojeni salfaidi, ambayo ikizidi huiua pua kabla ya kumuua mwenyewe. Nilimwambia kwamba basi nina sababu ya kuona fahari, kwa kuwa harufu haikuwa kali kama nilivyotarajia. Alinisogeza nyuma hatua tatu zaidi, akaacha mfuniko wazi tangi lipumue, akapima tope kwa mti mrefu akiwa amesimama mbali. Lilikuwa limepanda hadi karibu na bomba la kutokea. Kwa maana hiyo, alisema, tangi lilikuwa limeacha kuchuja siku nyingi na lilikuwa likisukuma tope lake hadi kwenye mitaro ya kufyonza, ambako liliziba vitundu vya udongo.

"Sasa maji yakikataliwa na ardhi huenda wapi?" aliniuliza, kwa mara ya kwanza akionekana kufurahia kazi.

Sikujua. Alimimina rangi nyekundu upande wa kutokea wa tangi, akafungulia mpira wa maji, akaniambia tusubiri. Tulisubiri karibu saa nzima. Wakati huo jirani yangu mzee alikuwa amekuja na kuegemea uzio, akiwa ameshika mkasi wake wa maua, maana uchimbaji ni tamasha kwa mtu aliyestaafu. Alimsalimu fundi, akamsifia ukoka wangu, akamweleza kwa niaba yangu kuhusu subira na uteuzi wa mbegu. Fundi aliniangalia. Nilianza kuchunguza mawingu.

Mahali pa kwanza kutokea doa palikuwa katikati kabisa ya ukoka, pale palipokuwa pazuri kuliko pote. Lilianza kama tone la damu kwenye shina la jani, likawa kama sarafu, kisha likatanda polepole hadi likawa dimbwi la kuakisi anga. Hakuna aliyesema neno. Fundi alifunga mpira wa maji, akaandika kwenye daftari lake maneno ambayo niliweza kuyasoma kichwa chini: "Mitaro imefurika. Angalia majani." Akaanza kunieleza kwa sauti ya kawaida kwamba tangi litanyonywa kesho, bomba litalazwa upya, na mitaro mipya itachimbwa upande mwingine baada ya kujaribu udongo.

Mzee alilitazama lile dimbwi jekundu kwa muda mrefu, kisha akakitazama kiganja chake, kile alichonusia.

"Ndugu yangu," alisema hatimaye, "zile ndoo mbili ulizonipa, nilizotia kwenye vyungu vya sebuleni, ulichota upande gani?"

Nilifungua kinywa nimjibu kwamba sikumbuki vizuri, lakini fundi, ambaye alidhani anaulizwa yeye, alikuwa ameshainua nondo yake na kuonyesha.