Ingia mutueli, ile kasa ya kuchangia matunzo pamoja, ukiwa bado na boni ya kazi mkononi

Yaya yangu, kaka yangu mkubwa, alienda retreti, yaani alistaafu, akiwa na miaka 60, hapa hapa Bukavu, Kongo, baada ya miaka 27 kwenye kampuni moja tu. Walimpigia makofi, wakampa cheti, soda, keki, halafu kesho yake asubuhi akaitwa arudishe kitabu cha boni. Kama hujawahi kufanya kazi ya kampuni hauwezi kujua uzito wa kile kitabu: kikaratasi chembamba chini yake karbon ya bluu, wanaandika jina la mgonjwa, wanagonga muhuri, unafika lopitali unapokelewa bila kuulizwa umebeba ngapi, kampuni ndiyo inalipa. Watoto wake wote sita walizaliwa kwa boni.

Mwezi wa tatu sukari ikapanda. Tulimfikisha usiku na teksi, hata kusimama hawezi, na mtu wa kwanza kutusemesha alikuwa wa kwenye kasa, anataka pesa ya kuanzia. Tukaanza kupigia ndugu simu mmoja mmoja, saa saba ya usiku, shemeji amekaa kwenye benchi amekumbatia mfuko wa plastiki wenye makaratasi ya kazi ya bwana yake, eti pengine moja kati ya hayo itasaidia. Hakuna iliyosaidia. Alipona, Mungu asifiwe, lakini ile sura ya shemeji na ule mfuko haijanitoka mpaka leo.

Njo maana naandika. Watu wengi wanafikiri pansio, ile pesa ya retreti, ya CNSS, kasa ya serikali ya wafanyakazi, inakuja na matunzo ndani. Hapana. CNSS iko na mambo matatu: pansio, pesa za familia, na ajali au magonjwa yanayotokana na kazi. Malaria, tansio, sukari ya uzee, hizo hazimo. Wewe unakotiza 5% ya mshahara wako, mwajiri anatoa yake, inaenda kwenye hayo matatu tu. Na sheria ya kazi ya 2002 inamlazimisha mwajiri akutunze wewe na familia yako, lakini ni wakati kontra inaendelea. Kontra ikiisha, boni nayo imekwisha, siku hiyo hiyo, na hiyo siku inafika haraka kuliko zamani juu sheria ya 2016 iliweka miaka 60 kwa wote, mwanaume na mwanamke. Ule mpango wa serikali wa afya kwa wote uliozinduliwa 2023 nimeufurahia sana, ila ulianza na akina mama wanaojifungua na watoto wachanga, na yaya yangu haiko mmoja wao.

Inabaki mutueli ya afya. Tena Bukavu tuna bahati, mutueli hapa ni za siku nyingi, maparokia yanazijua, watu wanazijua. Yaya alikuwa amekaribishwa kwenye moja akiwa bado kazini, akajibu "nitalipaje mara mbili?" Alipotoka lopitali akaenda mwenyewe. Walimpokea vizuri kabisa, wakamweleza: unaandikisha nyumba nzima, unalipa, halafu unangojea miezi kadhaa kabla karti ianze kufanya kazi. Alikasirika. Mimi siwalaumu, juu kama kila mtu angeingia siku anayougua na kutoka siku anayopona, ile kasa ingekauka kabla mwaka kuisha.

Hata Marekani ni hivyo, kwa wenye wazazi huko. Bima yao ya wazee, Medicare, inaanza miaka 65, unapewa miezi 7 ya kujiandikisha, mitatu kabla ya mwezi wako wa kuzaliwa, huo mwezi, na mitatu baada yake. Ukizembea, malipo ya ile sehemu ya kulipia madaktari yanaongezeka 10% kwa kila mwaka mzima uliochelewa, na nyongeza haitoki. Anayebaki kazini na bima ya kampuni kubwa ndiye anaruhusiwa kungoja. Mwambieni mama mapema.

Mimi nina miaka 58 na nimeamua kuingia mwaka huu, boni bado iko. Ndiyo, nitalipa mara mbili, na mshahara wangu si mkubwa. Lakini ule muda wa kungojea utapita nikiwa ningali natunzwa na kazi, na mutueli nyingi zinaandikisha kipindi kimoja tu cha mwaka, ukikosa unarudi mwaka ujao. Kama mfuko wako ni mdogo kuliko wangu, basi angalau ingia ule mwaka wa mwisho wa kazi, tafadhali, usivuke hapo. Na nani alituahidi kwamba kampuni yenyewe itafika na sisi mpaka 60?

Jana nilimwambia bibi yangu tupige picha za karti, sisi wawili na wale watoto watatu walio bado nyumbani. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, siumwi, na ni sasa hivi ndiyo tunaenda.