Kumtuliza mtoto kabla ya nusukaputi: dawa, mzazi au maandalizi?

Utafiti wa daktari wa usingizi Zeev Kain na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu watoto 241 waliokatwa tonsili, ulionyesha kwamba waliokuwa na wasiwasi mwingi kabla ya upasuaji walipata maumivu makali zaidi, na takriban asilimia 10 kati yao waliweweseka walipozinduka, ilhali kwa waliotulia kiwango hicho hakikufika asilimia 2. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba hofu yenyewe ndiyo chanzo, kwa kuwa huenda maumbile yaleyale ya mtoto ndiyo yanayozaa hofu ya kabla na mahangaiko ya baadaye.

Wanaotegemea dawa wana hoja nzito. Midazolamu ya kunywa, ambayo mara nyingi hutolewa kwa kipimo cha miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, hutuliza ndani ya nusu saa na humfanya mtoto asahau mengi ya yaliyompata. Hata hivyo, baada ya upasuaji mfupi inaweza kuchelewesha kuzinduka, na wako watoto ambao badala ya kutulia huchachamaa.

Kumruhusu mzazi aingie chumba cha upasuaji kunavutia zaidi, tena hakuna gharama ya dawa, lakini mapitio ya tafiti hayajaonyesha kwamba kuwapo kwake pekee kunapunguza hofu ya mtoto. Sioni ajabu: mzazi anayetetemeka, asiyejua aseme nini barakoa ya gesi ya usingizi inapowekwa, atamtulizaje mwingine? Mwaka 2007 kundi hilohilo la Kain lilijaribu njia nyingine, ambapo familia zilitazama video, zilimzoesha mtoto barakoa nyumbani, na wazazi walifundishwa namna ya kumshughulisha. Watoto hao waliweweseka kwa nadra zaidi, walihitaji kiasi kidogo cha fentanili, dawa kali ya maumivu, na waliruhusiwa kuondoka mapema kuliko wengine.

Kwa upasuaji uliopangwa, mimi naegemea maandalizi hayo, ingawa yanadai siku kadhaa na watumishi wa kuyasimamia, jambo lisilowezekana katika dharura. Na mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuandaliwa kwa maelezo, hivyo kwake dawa hubaki na nafasi. Aidha, mtoto aliyetulia kabisa bado anaweza kuzinduka akipiga mateke, kwa sababu gesi ya usingizi iitwayo sevoflurani na maumivu yasiyodhibitiwa huchangia pia, na hayo yamo mikononi mwa daktari wa usingizi, si mwa mzazi.